Matanga ya Baba Aliyekuwa Voi

Harufu ya kimanga hunishtua mpaka leo. Sisemi kile kimanga cha jioni cha watu wanne. Nasema kile cha sufuria kubwa, mihogo na kunde vikipondwa uani na wanawake wawili wanaopokezana mwiko, kwa sababu watu ni wengi na wengine bado wako njiani. Mwezi uliopita nilialikwa harusi kule Mwatate, na kabla sijafika hata mlangoni harufu hiyo ikanipiga usoni. Nilimpigia Baba simu pale pale. Akapokea, akakohoa, akaniuliza kama kuna neno au nimeamua tu kumsumbua. Nikasema nasalimia. Baba yangu yuko hai, mzima, mbishi, na meno yake yote anayo isipokuwa moja la mbele. Lakini mimi nimewahi kumlilia matanga, na nililia pamoja na kijiji kizima cha Makwasinyi.

Mama yangu ndiye watu wanamjua zaidi. Wanamjua kwa riwaya zake, na kwa ile picha ya nyuma ya kitabu ambayo amekunja uso kana kwamba mpiga picha amemkanyaga. Watu wa magazeti wakimwuliza alianzaje kuandika, anawajibu kwa adabu kwamba tangu utotoni alipenda kusoma. Hadanganyi, ila anaparuka pale penyewe. Mimi nilikuwepo, tena kosa kubwa la siku ile nililifanya mimi, kwa hiyo acha nilieleze.

Wakati huo Mama alikuwa mwalimu wa nasari, na kila mtu alimwita Mwalimu, hata wazee. Kazi yake ya pili hakuiomba, alijikuta tu amepewa: alikuwa ndiye mwandishi wa historia za marehemu. Kwetu mtu akifa, kabla ya kuteremshwa kaburini lazima isomwe historia yake. Alizaliwa wapi, alisoma mpaka darasa la ngapi, alioa au aliolewa na nani, ameacha nani. Kabla ya Mama, historia hizo zilikuwa zinafanana zote, ungeweza kumzika mtu mmoja na karatasi ya mwingine na wachache wangegundua. Mama alibadilisha mambo. Wafiwa walikuja nyumbani wakaketi kwenye benchi, naye akawauliza maswali ya ajabu. Alikuwa anacheka vipi? Akikasirika alikuwa anaenda wapi? Chai yake alitia vijiko vingapi vya sukari? Wengine walidhani anawakejeli. Lakini siku ya mazishi, karatasi ikisomwa, watu walikuwa wanacheka huku machozi yanawatoka, kwa sababu waliyekuja kumzika alikuwa ghafla amesimama mbele yao.

Aliandika kwenye daftari kwanza, kisha akanakili. Jina la marehemu aliliacha la mwisho, akaweka nukta tu mahali pake, maana familia zilikuwa zinagombana kuhusu jina gani litangulie, la kanisani au la ukoo. Na jambo moja kila mtu Makwasinyi alilijua bila kuambiwa: Mwalimu haandiki mpaka mtu afe. Hakuna aliyewahi kuona karatasi ile kabla ya maiti.

Tusilolijua ni kwamba Mama alikuwa ameanza kuandika riwaya. Alikuwa anaona haya kusema. Mwanamke wa nasari, mwenye kuni za kuchanja na mahindi ya kulinda yasiliwe na ndovu, anaandika riwaya? Aliandika mchana watoto wa nasari wakilala, akaficha madaftari chini ya godoro. Na namna yake ya kuanza ilikuwa ile aliyoijua. Kila mtu wa hadithi alimwandikia kwanza historia ya marehemu. Miaka mingi baadaye aliniambia kwamba hawezi kumfuata mtu kitabu kizima kama hajui ameishia wapi na ameacha nani. Mpaka leo anafanya hivyo. Ukifungua droo yake utadhani ni ofisi ya mochari.

Baba alifanya kazi mjini Voi, katika duka la spea la familia moja ya Waislamu kutoka pwani, akawa anakuja nyumbani kila mwisho wa mwezi kwa lori lililoleta bidhaa kwetu Kasigau. Tulimsikia kabla hatujamwona, kwa sababu alikuwa anapiga mluzi, na lile pengo la jino liliufanya mluzi wake uwe na upepo mwingi kuliko sauti. Mwezi ule ulikuwa wa mvua. Barabara ilikatika, siku ya lori ikapita, na Baba hakuja. Halafu Alhamisi asubuhi Mama akavaa kitambaa chake cha kijani, akamwambia Nyanya, mama yake Baba, kwamba ana shughuli Voi, akapata gari la watu wa shamba la mifugo linaloweza kupita kwenye tope, akaenda. Shughuli gani, hakusema. Kumbe alikuwa amekwenda kutafuta mtu wa kumpigia taipu sura mbili za mwanzo, na ilimbidi aseme ana shughuli kwa sababu angesema ukweli angechekwa.

Ijumaa nilitoka shule nikitaka karatasi tupu ya kuchorea. Nilikuwa darasa la nne na nilijua vizuri kwamba chini ya godoro la Mama kulikuwa na madaftari. Nikavuta moja. Ukurasa wa kwanza ulikuwa umeandikwa kwa mwandiko wake wa ubaoni, ule wa herufi za mviringo:

“Historia fupi ya marehemu ............... Marehemu alizaliwa Makwasinyi. Alifanya kazi Voi katika duka la spea. Alipenda kupiga mluzi. Jino lake la mbele lilitoka akiwa kijana, akifungua soda kwa ubishi, na hakutaka kuweka la bandia kwa sababu alisema pengo hilo ndilo lililomfanya akumbukwe. Mauti yalimkuta njiani akirudi nyumbani, baada ya lori kukwama kwenye tope. Alishuka atangulie kwa miguu, akakutana na ndovu.”

Sikulia. Nilirudi juu nikasoma tena, nikitafuta jina lolote ambalo si la Baba, nikaona zile nukta tu. Jina halikuwepo, lakini mtu mwenyewe alikuwepo mzima. Kisha kila kitu kikajipanga chenyewe kichwani mwangu: lori ambalo halikuja, mvua, Mama kuondoka asubuhi bila maelezo. Amekwenda kuchukua mwili, nikasema moyoni. Amenyamaza ili tusiogope. Sikufungua ukurasa wa pili, sikuwa na nguvu hiyo.

Nyanya alikuwa nje akipeta kunde.

“Nyanya, Baba amekufa.”

Ungo ukasimama hewani. “Nani amesema?”

“Mama ameandika.”

Hakuniuliza tena. Angeniuliza swali moja tu, lolote, pengine siku ile ingekwenda vingine. Lakini kwa Nyanya, ambaye hakujua kusoma, Mwalimu akishaandika mambo yamekwisha. Alitoa ukemi ambao sijausikia tena maishani mwangu, kunde zikamwagika, na kabla sijaokota hata moja Mama Righa alikuwa amefika. Huyu alikuwa jirani yetu na mwenyekiti wa akina mama wa kanisa. Alinipokonya daftari, akaangalia mistari ya juu.

“Ni mkono wa Mwalimu,” alisema. Akalifunga kwa heshima, akaliweka mezani, akaweka Biblia juu yake.

Ndani ya saa moja uwanja wetu ulijaa. Kuni zikaja, maji yakaja, viti vya kanisa vikaja vichwani mwa wasichana wa kwaya. Sufuria kubwa ikatelekwa. Ami yangu alichukua fimbo akaenda kupima mahali kando ya kaburi la babu, akachomeka vijiti vinne ardhini. Mimi na mdogo wangu tulikalishwa katikati ya wanawake, na nakiri kwa aibu kwamba nilipewa chai ya maziwa kabla ya watu wazima nikaifurahia. Nililia, nikanywa, nikalia tena. Kila aliyefika aliniita yatima, na kila nikiitwa hivyo nilimwona Baba tumboni mwa tope, mluzi umemkatika nusu.

Jumamosi mchana tukasikia lori. Mama Righa akawapanga akina mama mstari mmoja, wimbo ukainuliwa wa kupokea mwili. Nilijificha nyuma ya kanga ya Nyanya, nikaangalia kwa jicho moja.

Akashuka Mama na kitambaa chake cha kijani. Nyuma yake, akiwa na mkate kwapani, akipiga mluzi, akashuka Baba.

Wimbo haukukatika mara moja. Walio mbele walinyamaza, walio nyuma wakaendelea kwa sababu walikuwa hawajaona, kisha sauti moja moja ikazimika mpaka akabaki mama mmoja mzee asiyesikia vizuri, aliyemaliza ubeti wote peke yake. Baba alitazama viti, akatazama moto, akavua kofia.

“Nani amekufa?” aliuliza kwa sauti ya chini.

Baba akafikiri ni mama yake. Mkate ukamwanguka, akakimbia kuelekea nyumba ya Nyanya akiita “Mama! Mama!” kama mtoto, na Nyanya, aliyekuwa amesimama pale pale akimwangalia, akamrukia akaanza kumchapa kwa kanga huku analia.

“Tumekulilia tangu jana! Tangu jana, wewe!”

Mama alikuwa hamwangalii yeyote. Alikuwa ameliona daftari juu ya meza, na Biblia juu yake. Uso wake ulibadilika kabisa.

“Nani ametoa hii?” alisema. Macho yake yakanipata.

Basi ikawa kesi. Mzee Zakayo, mzee wa kanisa, aliyekuwa amevaa suti yake ya mazishi na hakuwa tayari kuivua bure, akawaomba watu wakae.

“Mwalimu,” alisema, “tunakuheshimu. Umetuzikia watu wetu vizuri. Lakini hii ni nini?”

“Ni hadithi, Mzee. Naandika kitabu. Huyo ni mtu wa kubuni.”

“Mtu wa kubuni ana jino la mwanangu?” Nyanya aliuliza.

Watu wakaguna. “Jino nimeliazima tu, Mama,” Mama alijibu, na hapo wengine wakacheka, lakini si wote. Mama Righa alisema kumwandikia mtu hai historia ya marehemu ni kumwita kaburini, na kama ndio kazi mpya ya Mwalimu basi kila mtu ajihadhari. Mzee Zakayo akakubali. Alisema daftari litiwe motoni sasa hivi, moto uko tayari, na Mwalimu aahidi mbele ya kanisa kwamba haandiki mambo hayo tena. Mama alilichukua daftari akalikumbatia. Sijawahi kumwona ameogopa vile. Nikajua kwamba wakilichoma, nitakuwa nimemchoma Mama mwenyewe kwa mikono yangu.

Baba ndiye aliyemwokoa. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha wafiwa, ameshapewa chai, na mambo yalikuwa yameanza kumchekesha.

“Mwacheni mke wangu,” alisema. “Hajaniua, mnaniona hapa nakunywa chai. Kama ni hadithi, isomwe! Si mlikuja kusikia historia yangu? Mzee Zakayo, soma yote. Nataka kujua nilikufa vipi.”

Mama alisita. Baba akalitoa daftari mikononi mwake polepole, kwa upole kabisa, akampa Mzee Zakayo. Mzee akavaa miwani, akasoma kwa ile sauti yake ya makaburini. Watu walicheka kwenye soda. Walicheka kwenye mluzi. Baba mwenyewe alicheka mpaka akamwagia chai suruali yake. Mzee alipofika kwenye ndovu watu wakasema “Aaa!” kwa huruma, wakamwangalia Baba kana kwamba amepona juzi. Nikaanza kuamini kwamba nitasamehewa.

Mzee Zakayo akafunua ukurasa wa pili.

“Marehemu ameacha mjane mmoja,” alisoma, “na watoto wanne. Wawili wa Makwasinyi, na wawili wa Voi, ambao mama yao hakualikwa mazishini.”

“Nani alikuambia?”

Alikuwa Baba. Alikuwa amesimama, kikombe bado mkononi, na hakuwa anacheka. Alikuwa anamwangalia Mama tu.

“Kuniambia nini?” Mama aliuliza. Tabasamu alilolipata watu walipocheka lilikuwa bado usoni mwake, alikuwa hajapata wakati wa kuliondoa.

“Kuhusu watoto. Nani alikuambia?”

Nilisikia moto ukilia chini ya sufuria. Mzee Zakayo alivua miwani.

“Hakuna mtu aliyeniambia,” Mama alisema. “Nilikuwa nabuni.”

Watu wa kwetu wana heshima zao. Walianza kuondoka mmoja mmoja, wakichukua viti vya kanisa, na wanawake wakagawa kimanga haraka haraka kwenye vyombo wakaenda nacho. Ami akaenda kung'oa vile vijiti. Mzee Zakayo alimrudishia Mama daftari kwa mikono miwili, na habari ya kulichoma haikutajwa tena na mtu yeyote, siku hiyo wala baadaye.

Mama hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alihamia nyumba ya Nyanya pamoja nasi, akamwacha Baba peke yake katika nyumba kubwa, na Nyanya, ambaye mtoto ni wake, alimfungulia Mama mlango akamfungia Baba. Mimi nilikuwa na mzigo wangu mwenyewe. Nilikuwa nimeelewa jambo lote kwa namna yangu: Mama ameandika watoto wawili wa Voi, nami nimelitoa daftari likasomwa, na kwa kusomwa wamekuwepo. Kabla ya Jumamosi ile hawakuwepo. Niliamini hivyo kwa muda mrefu, na sikumwambia mtu.

Cha ajabu, Mama naye aliogopa karibu vile vile. Jirani alipofariki baada ya wiki chache, wafiwa wakaja wakaketi kwenye benchi, Mama akawaambia watafute mtu mwingine. Nyanya alimwuliza sababu, naye akasema mkono wake hauamini tena. Nikiwa mtu mzima nilimbana anieleze. Alijuaje? Alisema hakujua. Alikuwa anamfikiria tu mwanamume mcheshi, anayependwa, anayeishi mbali na nyumbani mwezi mzima, akajiuliza mtu kama huyo ataacha nini, na kalamu ikamjibu. “Kilichoniumiza ni baba yako,” alisema. “Lakini kilichonishtua ni mimi. Miaka yote nilikuwa najua, na nilikuwa nimejificha.”

Baba aliomba msamaha mbele ya Mzee Zakayo, kisha mbele ya mama yake, na mwisho, ambao ulikuwa mgumu zaidi, mbele ya Mama peke yake. Mama alimsikiliza, akauliza swali moja. “Wanaitwa nani?” Wakesho na Mwakio, Baba alisema. Yule mama yao alikuwa ameshaachana naye. “Waje likizo ya Agosti,” Mama alisema. “Sitaki kuwasikia kwa watu.”

Agosti lori likawashusha. Msichana alikuwa wa umri wangu, na viatu vyenye vumbi la Voi na kovu dogo kidevuni. Nilimsogelea nikamfinya mkono kwa nguvu nione kama ni mtu. Akanifinya kwa nguvu zaidi, nikapiga kelele. Huyo ni Wakesho, na mpaka leo hajabadilika.

Mama aliwaketisha kwenye benchi, lile lile la wafiwa, akawapa chai. Akawaangalia sana. Nilidhani atawafukuza.

“Baba yenu akiwa kwenu,” aliuliza, “anatia vijiko vingapi vya sukari?”

“Vitatu,” Wakesho alisema.

Kwetu alitia kimoja, miaka yote, akisema daktari amemkataza. Mama akainuka akaenda jikoni, akakaa huko kwa muda. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, na daftari lilikuwa mkononi. Tangu ile Jumamosi nilikuwa sijaliona. Akakaa pembeni yetu, akafungua ukurasa wa pili, akachukua kalamu, na akapiga mstari juu ya maneno ya watoto wa Voi, mara moja, mara ya pili, mpaka karatasi ikakaribia kutoboka. Kisha akaendelea kuandika chini yake kana kwamba hakuwa ameacha hata siku moja.

“Mbona unafuta?” nilimwuliza. Nilishtuka, kwa sababu nilimwangalia Wakesho nikiogopa atatoweka.

“Ile ilikuwa hadithi,” Mama alisema bila kuinua kichwa. “Hawa ni watoto wa watu.”

Riwaya ilichukua miaka, ikakataliwa mara mbili Nairobi, ikaandikwa upya, na siku moja kifurushi kikaja na lori, kikiwa na nakala sita zilizofungwa kamba. Mwanamume wa kitabu kile anakufa kwa ndovu, na ameacha watoto wawili tu. Siku ile uani tulikuwa wanne, tukigombania nani alishike kwanza.